Tulilipa kodi ya serikali kwa fleti isiyojengwa. Je, muda wa kuidai umekwisha?

Ndugu Mshauri,

Assalamu alaikum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mtaa wa Makadara, na nimeolewa Ahmedabad, nchini India, tangu mwaka 2009. Nimekaa huku miaka mingi, lakini jambo zito bado naliandika vizuri kwa Kiswahili kuliko kwa lugha nyingine yoyote, na hili lililonifika ni zito.

Januari 2017 mimi na mume wangu tuliweka arbuni ya fleti ya vyumba vitatu katika jengo ambalo wakati huo lilikuwa mchoro tu ukutani mwa ofisi ya mjenzi. Bei yake ilikuwa rupia 6,000,000. Siku hiyo tulilipa rupia 1,000,000, na juu yake rupia 45,000 ambazo stakabadhi inasema ni kodi ya huduma. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo ikaingia kodi mpya ya GST, yaani kodi ya bidhaa na huduma, na mjenzi akatuarifu kwamba kuanzia hapo tutalipa asilimia 12. Novemba 2017 tukalipa rupia 1,200,000 na kodi ya 144,000. Juni 2018 tukalipa rupia 800,000 na kodi ya 96,000. Sehemu ya fedha hizo ni mahari yangu niliyoitunza tangu nilipoolewa, na zilizobaki ni akiba ya mume wangu. Ankara na stakabadhi zote zina jina la mume wangu kwanza na langu baadaye.

Ujenzi ulifika ghorofa ya pili ukasimama. Kila mwaka tulipewa tarehe mpya, na kila Ijumaa mume wangu akitoka msikitini alikuwa akipita pale kuangalia. Leo ukienda utaona nondo zilizochomoza juu ya nguzo zimeshika kutu, na bango lenye picha ya jengo limepauka hata rangi ya ukuta huioni. Hatimaye mjenzi akatuletea barua ya kuvunja mkataba. Barua yenyewe imeandikwa tarehe 18 Agosti 2024, lakini ilitufikia Oktoba. Akaturejeshea rupia 2,880,000, yaani amekata 120,000 anazoziita gharama za ofisi, na kodi yote ya rupia 285,000 hakurudisha hata senti. Tulipomuuliza alisema, "Kodi nimeshaipeleka serikalini, kaidaini huko."

Tumeuliza watu watatu, na majibu yamekuwa matatu. Ofisa mmoja wa kodi alimwambia mume wangu kwamba kodi ya huduma hudaiwa ndani ya mwaka 1 tangu ilipolipwa, kwa hiyo tungepaswa kudai kufikia Januari 2018. Shemeji yangu, ambaye huwaandikia wafanyabiashara hesabu zao, anasema GST ni miaka 2 tangu malipo, kwa hiyo nayo ilikwisha mwaka 2020. Jirani yetu anasema pasipo na huduma hapana kodi, na pasipo na kodi hapana ukomo wa muda, tudai tutakapopenda. Mimi sielewi jambo moja: tungewezaje kudai kodi mwaka 2018 au 2020 wakati mkataba ulikuwa hai na mjenzi akituahidi kutukabidhi funguo? Tafadhali tueleze kama bado tuna haki, tuidai kwa nani, na mwisho wake ni lini.

Mama wa watoto wawili, Ahmedabad

*

Waalaikumu salaam, dada yangu.

Nitaanza na jibu, kwa sababu katika jambo lako siku zinahesabika. GST yenu hamjachelewa kuidai. Mna miaka 2 kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya kuvunja mkataba, yaani tangu 18 Agosti 2024, na muda huo utakwisha katikati ya Agosti 2026. Hizo rupia 45,000 za kodi ya huduma zina ubishi wa kisheria ambao haujatulia, na ofisa aliyezungumza na mumeo amemweleza upande mmoja tu wa ubishi huo. Kodi zote mbili zidaiwe, lakini kila moja kwa ombi lake, kwa sababu zimetoka katika sheria mbili tofauti na saa zake hazikuanza kuhesabu siku moja.

Kwanza tuelewane kwa nini mlitozwa kodi kabla ya kuchimbwa msingi. Katika sheria ya India, kama ilivyo katika nchi nyingi zenye kodi ya aina hii, kodi ya huduma haingoji huduma ikamilike. Ankara ikitolewa au fedha ikipokelewa, lolote litakalotangulia, kodi imekwisha kuwa deni kwa serikali. Mjenzi aliyepokea arbuni yenu alilazimika kupeleka kodi, na nyinyi mliibeba. Utaratibu huu hauna madhara maadamu nyumba inajengwa. Nyumba isipojengwa, serikali inabaki na kodi ya huduma ambayo haikuwapo, mjenzi anasema mikono yake mitupu, na mnunuzi, ambaye ndiye aliyetoa fedha mfukoni, hana hata akaunti katika ofisi ya kodi. Kwa miaka mitano na zaidi tangu GST ianze, wanunuzi wa kawaida kama nyinyi hawakuwa na njia ya wazi ya kupeleka dai lao, na hilo lilikuwa kosa la mfumo wala si uzembe wa wanunuzi.

Njia ilifunguliwa tarehe 27 Desemba 2022, pale Bodi Kuu ya Kodi Zisizo za Moja kwa Moja na Forodha ya India ilipotoa waraka namba 188/20/2022-GST, unaohusu hasa watu wasiosajiliwa kwa GST ambao mikataba yao ya nyumba au ya bima ya muda mrefu imevunjwa kabla huduma haijatolewa. Waraka huo mwambie mumeo auchape na auweke juu kabisa ya faili lenu, kwa sababu ofisa atakayepokea ombi anafungwa nao.

Sasa nije kwenye muda, ambako shemeji yako hakukosea kila kitu. Ni kweli kwamba kifungu cha 54 cha Sheria ya GST ya mwaka 2017 kinatoa miaka 2, na ni kweli kwamba kwa madai yasiyotajwa mahali pengine miaka hiyo huhesabiwa tangu siku kodi ilipolipwa. Lakini kifungu hichohicho kina kipengele cha mtu asiyekuwa mtoa huduma, yaani mnunuzi, na kwake yeye hesabu huanza siku alipopokea bidhaa au huduma. Nyinyi mlipokea huduma lini? Hamkupokea. Kwa kufuata maneno ya sheria peke yake, saa yenu isingeanza kamwe, na ofisa mwenye mkono mzito angeweza kusema kwamba basi hamna tarehe na hamna dai. Waraka wa mwaka 2022 uliziba pengo hilo kwa kuamua kwamba katika mikataba iliyovunjwa, tarehe ya kutolewa kwa barua ya kuvunja mkataba ndiyo itakayochukuliwa kuwa siku mnunuzi alipopokea huduma. Isome sentensi hiyo mara mbili, dada yangu, maana inashangaza: siku mliyoandikiwa kwamba hamtapata nyumba ndiyo siku ambayo sheria inahesabu kwamba mmeipokea. Mimi naiona ni tafsiri ya haki. Inajibu swali lako mwenyewe, kwamba mtu hawezi kudai kurejeshewa kodi ya mkataba ambao bado u hai, na inaanza kumhesabia siku pale tu anapokuwa na jambo la kudai.

Lakini angalia neno lililotumika. Ni tarehe ya kutolewa kwa barua, wala si tarehe ya kuipokea. Wiki ambazo barua ilipotelea njiani hazitaongezwa mwishoni. Bahasha ya barua hiyo, kama mnayo bado, itunzeni pamoja na muhuri wake wa posta, kwa sababu ubishi ukitokea juu ya tarehe ndiyo itakayoonyesha barua ilitoka lini mikononi mwa mjenzi. Ila msijenge mpango wenu juu ya bahasha. Hesabuni tangu 18 Agosti 2024. Ninapoandika haya, Novemba 2025, miezi 15 imekwisha kwenda na imebaki 9.

Je, mjenzi alisema kweli kwamba hawezi kuwarudishia kodi? Kwa sehemu, ndiyo, na ni vizuri mjue sehemu hiyo ili msipoteze nguvu mkigombana naye pasipohitajika. Kwa kawaida mauzo yakivunjika, muuzaji hutoa hati ya marekebisho inayofuta ankara ya mwanzo, hupunguza kodi hiyo katika ritani yake, kisha humrudishia mnunuzi bei na kodi yake pamoja. Kifungu cha 34 kinaweka mwisho wa kufanya hivyo: ni tarehe 30 Novemba baada ya kwisha mwaka wa fedha ambao mauzo yalifanyika, na mwaka wa fedha wa India huisha 31 Machi, au siku ya kupeleka ritani ya mwaka kama hiyo imetangulia. Zamani mwisho huo ulikuwa mapema zaidi, ritani ya Septemba. Kwa malipo yenu ya 2017 na 2018 dirisha hilo lilikuwa limefungwa miaka mingi kabla ya barua ya 2024. Kwa hiyo mjenzi hakuweza kuipunguza kodi hiyo katika deni lake, na kwa sababu hiyohiyo nyinyi mnaruhusiwa kwenda serikalini moja kwa moja. Kama mkataba ungevunjika wakati dirisha la mjenzi bado li wazi, mngeambiwa mrudi kwake, na kodi mngeidai kutoka kwake pamoja na bei. Wasomaji wengine wenye arbuni za karibuni walishike hilo, kwa maana nimeona watu wakikaa kimya mpaka mjenzi apitwe na wakati, wakidhani serikalini ndiko kwepesi. Siko kwepesi.

Ugumu wenyewe uko kwenye karatasi moja. Ombi lenu litahitaji orodha ya ankara pamoja na nakala zake, uthibitisho wa malipo mliyofanya, mkataba, barua ya kuuvunja, na uthibitisho wa fedha mlizorudishiwa. Hivyo vyote mnavyo, au mtavipata benki. Karatasi msiyokuwa nayo ni cheti cha mjenzi, na hicho lazima kiseme mambo matatu bila kupungua: kwamba kodi ya ankara hizo aliilipa, kwamba hakuipunguza katika deni lake kwa kutoa hati ya marekebisho, na kwamba hajaidai wala hataidai serikalini yeye mwenyewe. Barua ya mjenzi inayosema tu "tulilipa kodi zote" haitoshi, na ombi litarudishwa.

Ndiyo maana nasema msianze na fomu, anzeni na cheti. Mwandikieni mjenzi wiki hii, kwa njia ya posta yenye uthibitisho wa kupokelewa, mkitaja kila ankara kwa namba, tarehe na kiasi, na mkiambatanisha rasimu ya cheti ambayo yeye atahitaji tu kuichapa kwenye karatasi yenye jina la kampuni na kuitia saini na mhuri. Mpeni siku 21. Wajenzi wengi hawakatai kwa ubaya. Hawataki tu kumlipa mhasibu kwa kazi isiyowaingizia kitu, na mtu akiwekewa karatasi iliyo tayari mezani husaini. Akikataa kabisa, barua yenu na uthibitisho wa posta vitakuwa ushahidi wenu mbele ya mamlaka ya majengo ya Gujarat, jimbo lenu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Majengo ya mwaka 2016, ambako mnaweza kuomba aamriwe kutoa cheti hicho pamoja na mambo mengine mtakayomdai.

Na yako mambo mengine. Mmetaja kwa kupita tu kwamba amekata rupia 120,000, lakini makato hayo yanagusa kodi pia. Waraka unasema kwamba mjenzi akirudisha pungufu ya alichopokea, kodi itakayorejeshwa ni ile ya sehemu iliyorudishwa tu. Amekata asilimia 4, kwa hiyo kwa hali ilivyo sasa, kati ya GST ya rupia 240,000 mtapata 230,400, na zile 9,600 zitabaki serikalini kama kodi ya hizo gharama za ofisi. Mimi sioni mjenzi aliyeshindwa kujenga ana haki gani ya kukata chochote. Kifungu cha 18 cha sheria hiyo ya 2016 kinampa mnunuzi haki ya kurudishiwa fedha zake pamoja na riba pale mjenzi anaposhindwa kukabidhi nyumba kwa wakati waliokubaliana, na pia kinampa fidia kwa namna ilivyoelezwa humo. Kwa hiyo lipelekeni dai la rupia 120,000 na riba kwenye mamlaka hiyo, lakini lisiwe sababu ya kuchelewesha ombi la kodi. Mtu aliyesubiri shauri moja liishe ndipo aanze la pili, mara nyingi hukuta la pili limeshapitwa na wakati.

Ombi la GST litapelekwa na mumeo, kwa kuwa jina lake ndilo la kwanza kwenye ankara. Ataingia kwenye tovuti ya GST na kuomba usajili wa muda kwa PAN, yaani namba yake ya mlipakodi, akichagua jimbo ambalo mjenzi amesajiliwa. Kama mjenzi amesajiliwa Gujarat, basi ni Gujarat, hata kama nyinyi mtahamia kwingine. Atathibitishwa kwa Aadhaar, yaani namba ya kitambulisho ya India, ataweka akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa PAN hiyohiyo, kisha atajaza fomu RFD-01 katika fungu la mtu asiyesajiliwa. Ankara zenu mbili za Novemba 2017 na Juni 2018 ni za mjenzi mmoja, kwa hiyo zinaingia katika ombi moja. Chunguzeni jina lake lilivyoandikwa katika PAN, Aadhaar, benki na ankara, herufi kwa herufi. Kwa familia za kwetu, ambazo jina la baba huandikwa mwanzo mahali pamoja na mwisho mahali pengine, tofauti ndogo kama hiyo inatosha kulirudisha ombi.

Baada ya kupeleka, ofisi ina siku 15 za kukiri kwamba ombi limekamilika au kutoa taarifa ya kasoro. Ikitoka taarifa ya kasoro, ombi la kwanza huhesabiwa limekufa na mtapaswa kupeleka jipya. Ila kanuni zilirekebishwa mwaka 2021 ili siku zilizopita kati ya kupeleka ombi na kupewa taarifa hiyo zisihesabiwe katika ile miaka 2. Hata hivyo siku mtakazochukua nyinyi kurekebisha zinahesabiwa. Ombi likikubaliwa kuwa kamili, uamuzi hupaswa kutoka ndani ya siku 60, na fedha zikichelewa zaidi ya hapo serikali hudaiwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Kwa sababu ya mzunguko huo wa kasoro, ninawasihi mjiwekee mwisho wenu wenyewe, tarehe 31 Januari 2026, mkiiacha Agosti kuwa akiba tu.

Tuje kwenye kodi ya huduma ya Januari 2017. Ofisa alinukuu kifungu cha 11B cha Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 1944, ambacho kiliingizwa katika kodi ya huduma kupitia kifungu cha 83 cha Sheria ya Fedha ya mwaka 1994. Ni kweli kinasema dai lipelekwe ndani ya mwaka 1, na ni kweli kwamba pasipo tarehe nyingine mwaka huo huhesabiwa tangu siku ya malipo. Katika zama za kodi hiyo, jambo kama lenu halikuhitaji kufika huko, kwa kuwa kanuni ya 6(3) ya Kanuni za Kodi ya Huduma ilimruhusu mtoa huduma aliyepokea fedha na asitoe huduma kujipunguzia kodi hiyo mwenyewe, mradi amemrudishia mteja fedha na kodi. Kodi ya huduma ilipoondolewa tarehe 1 Julai 2017, mlango huo ulibaki bila nyumba, kwa sababu hapakuwa tena na ritani ya kuingizia punguzo.

Bunge la India liliona pengo hilo. Kifungu cha 142(5) cha Sheria ya GST kinazungumzia hasa madai yanayopelekwa baada ya tarehe hiyo ya kurejeshewa kodi iliyolipwa kwa huduma ambazo hazikutolewa. Kinasema madai hayo yaamuliwe kwa sheria ya zamani na kinachostahili kilipwe kwa fedha taslimu, hata kama sheria ya zamani inasema vingine, isipokuwa kijifungu cha 2 cha 11B. Hapo ndipo penye hoja yenu. Kijifungu cha 2 kinahusu mtu kujitajirisha isivyo haki, yaani kwamba anayerudishiwa awe ndiye aliyeubeba mzigo wa kodi. Ukomo wa mwaka 1 uko katika kijifungu cha 1. Ikiwa Bunge lilitaja kijifungu cha 2 peke yake kuwa ndicho kibaki, basi ukomo ulioko katika kijifungu cha 1 hauwezi kuzuia dai la namna hii. Baadhi ya majopo ya Baraza la Rufaa la Forodha, Ushuru na Kodi ya Huduma yameipokea hoja hiyo na kuamuru wanunuzi walipwe.

Majopo mengine yamekataa, na lazima nikwambie kwa nini. Yanategemea hukumu ya Mahakama ya Juu ya India katika shauri la Mafatlal Industries, iliyotolewa na majaji 9 mwaka 1996, kwamba anayedai kodi chini ya sheria ya kodi hufungwa na masharti ya sheria hiyo, pamoja na muda wake. Upande wa pili, ambao jirani yenu ameusikia bila shaka mahali fulani, unategemea ibara ya 265 ya Katiba, inayokataza kutoza au kukusanya kodi bila mamlaka ya sheria, na hukumu ya Mahakama Kuu ya Karnataka katika shauri la KVR Construction, kwamba fedha iliyolipwa kwa makosa pale ambapo kodi haikustahili kabisa haigeuki kuwa kodi kwa kuwa tu imepokelewa na ofisi ya kodi, na hivyo 11B haiigusi. Jirani yenu hajakosea kuhusu msingi, ila amekosea sana aliposema mdai mtakapopenda. Hata mahakama zinazokubali hoja hiyo hutazama kama mdai alichukua hatua mapema baada ya kujua, na katika madai yanayotokana na makosa hupimwa kwa miaka 3 ya Sheria ya Ukomo ya mwaka 1963, tangu makosa yalipogundulika.

Kwa maoni yangu, hoja yenu ni nzuri. Mwaka mmoja wa 11B kwenu ulikwisha Januari 2018, wakati mlikuwa miezi 2 tu mmetoka kulipa awamu ya pili, mkataba u hai na mafundi wako kazini. Sheria haimtaki mtu afanye lisilowezekana, na mkilieleza hivyo kwa tarehe zenu, bila kuongeza neno, mtaeleweka. Lakini rupia 45,000 si fedha ya kumweka wakili miaka mitatu. Ushauri wangu ni kwamba mpeleke dai wenyewe kwa Fomu R katika kitengo cha kodi cha serikali kuu kinachomsimamia mjenzi, mkitaja 142(5) waziwazi, mkiambatanisha stakabadhi ya Januari 2017, barua ya kuvunja mkataba, na tamko la kiapo kwamba kodi hiyo mliibeba nyinyi na hamkurudishiwa na mtu yeyote. Na katika ile rasimu ya cheti mtakayompelekea mjenzi, iwekeni stakabadhi hiyo pia, ili mumwendee mara moja.

Wakikataa, na huenda wakakataa mara ya kwanza, uamuzi wao lazima uwe wa maandishi. Siku utakapofika, mumeo aandike tarehe ya kuupokea juu ya bahasha na aitie saini, kwa sababu rufaa kwa Kamishna wa Rufaa ina miezi 2, na hapo, tofauti na barua ya mjenzi, siku zinahesabiwa tangu mlipoupokea.